Darasa Linalofuata Maziwa

Nianze na kosa langu, maana nikichelewa jirani yangu atanitangulia kulisimulia, na yeye akisimulia huongeza chumvi.

Kwenye fomu ya kaunti, penye swali "Kituo kiko wapi?", niliandika kwa wino mweusi, kwa ule mwandiko wangu uliowahi kusifiwa mbele ya kidato cha pili kizima: "Kutoka Kakuma vuka laga, ule mto mkavu wa mchanga, shika njia ya kushoto, tembea saa mbili, boma la kwanza lenye ua mrefu wa miba." Nikayasoma hayo maelezo mara mbili. Yakanipendeza. Nikaipeleka fomu.

Boma lenyewe lilikuwa la wafugaji. Wiki tatu baadaye malisho yaliisha, wakapakia punda, wakaenda zao. Maelezo yangu mazuri yakabaki pale peke yake na miba.

Kwetu hata mtoto anayetambaa anajua kwamba boma ni watu. Watu wakiondoka, kinachobaki ni mavi ya mbuzi na majivu. Nami si mgeni wa kusingizia ugeni. Nimezaliwa na wafugaji. Mama yangu hakuweza kunionyesha mahali aliponizalia, alinitajia tu ngamia aliyekuwa akikamwa wakati huo. Lakini nimekaa sana. Nimekaa Lodwar miaka mingi kwenye nyumba isiyotembea, hadi nikaanza kudhani kila mwenye nyumba anaikuta asubuhi pale alipoiacha jana.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hilo kwetu si jambo la kumwambia mgeni siku ya kwanza. Mwanamume husifiwa kwa miguu yake: alifika wapi, alirudi na nini. Mimi hufika hadi kiti cha plastiki barazani, na hurudi na kikombe. Nikiambiwa twende Eliye Springs tukatazame ziwa, nasema ziwa lilikuwepo kabla yangu na halina haraka. Lorugum nilikwenda mara moja kwa mazishi, na marehemu alikuwa hajafunikwa vizuri nilipoanza kuulizia gari la kurudi.

Ndiyo sababu naupenda ugatuzi. Wapo wanaoupenda kwa barabara, wapo wanaoupenda kwa zahanati, na wapo wasioupenda kabisa na wana sababu zao. Mimi naupenda kwa sababu serikali ilijileta yenyewe mpaka nilipokaa. Wakati wa baba, serikali ilikuwa Kenya. Ndivyo wazee walivyosema: mtu akienda Kitale, "amekwenda Kenya". Baba alikwenda Kenya mara mbili kufuatilia karatasi moja, na mara zote mbili akaambiwa mwenye ufunguo hayupo. Alikufa bila kujua karatasi ile ilisema nini. Leo bunge letu liko hapa mjini, na waheshimiwa tunakutana nao dukani wakipigania mchele kama sisi. Mmoja wao tulisoma darasa moja. Alikuwa akiniangalizia hesabu, nami nilikuwa nimekosa, kwa hiyo sote tulikosa. Na kila jambo wanaloamua lina fomu, kila fomu ina kopi, na mashine ya kopi iko kwangu barazani. Najaza fomu za wasioandika, natoa kopi za walioandika. Ugatuzi ulinikuta nimekaa, ukaniambia kaa hivyo hivyo.

Jirani yangu ni mama mmoja wa Kerio anayeuza samaki wakavu. Kati yetu kuna ua wa majani ya mkoma uliotoboka pale hasa anapotaka kuchungulia. Ananiita Mzee Kiti.

"Mzee Kiti, leo umesimama?"

"Nimesimama asubuhi."

"Nani alikuona?"

Sasa nimtaje dada yangu, kwa sababu fomu ilikuwa yake. Ni mkubwa wangu kwa miaka sita, na alichopungukiwa shuleni, maana aliishia darasa la nane, alikijazia kwa ukaidi. Mimi niliposomeshwa sekondari, yeye alibaki na wafugaji upande wa Kakuma, na jioni moja akaanza kuwaonyesha watoto wa wenzake herufi, kwa kijiti, mchangani. Watoto wakazidi. Kanisa likampa ubao. Ubao akaupatia punda. Tangu hapo boma likihama, darasa linahama nalo: punda wa mbele amebeba vibuyu, wa nyuma amebeba ubao, na dada yangu katikati akiuliza mbili na tatu ni ngapi. Malipo yake ni maziwa, mvua ikinyesha. Kiangazi, malipo yake ni shukrani, nayo hainyweki.

Ulipokuja ugatuzi, shule za msingi zilibaki mikononi mwa serikali kuu, na chekechea zikawa za kaunti. Kwa dada hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko nilivyoelewa mimi. Maana yake ni kwamba wa kuamua kama yeye ni mwalimu au si mwalimu hakuwa tena mtu wa mbali aliye na ufunguo. Alikuwa mtu wa hapa. Bunge la kaunti likaanza kutengeneza kanuni za chekechea pamoja na orodha: kituo kilichomo kitapata mwalimu anayelipwa, chaki na unga wa uji, kisichokuwemo, basi. Dada akanipigia simu kutoka kwenye kilima, maana huko mtandao hupatikana kwa kupanda.

"Ndugu yangu, nijazie vizuri. Magoti yangu yamechoka. Nikikosa hii orodha naacha. Naenda Kakuma mjini kupikia watu, na hawa watoto watabaki na mbuzi."

"Nitajaza vizuri," nikamwambia.

Na nikajaza vizuri, kama mlivyosikia.

Habari ya matokeo sikuletewa kwa barua wala simu. Ilipitia mikononi mwangu. Karani wa kamati ya elimu, ambaye hupita kwangu akienda chakula cha mchana, aliniachia kazi ya kopi: orodha ya muda, nakala arobaini, za kupelekwa kwenye vikao vya maoni ya wananchi. Mimi nikitoa kopi sisomi, nasikiliza tu mashine isije ikanaswa. Nilipofika nakala ya ishirini na kitu karatasi ikanaswa kweli. Nikaivuta, nikaiona. Ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa "Vituo visivyopatikana", lilikuwepo jina la dada yangu, na mbele yake maneno ya mkaguzi: "Tulifika mahali palipoelekezwa. Hakuna watu, hakuna jengo. Kuna ua wa miba na mawe machache."

Mkaguzi hakukosea. Alivuka laga, akashika kushoto, akatembea saa mbili juani kwa kuuamini mwandiko wangu. Alichokikuta ndicho alichokiandika. Na watu wetu wana jina la kitu kilichoko kwenye karatasi na hakiko duniani: hewa. Mfanyakazi hewa, shule hewa. Dada yangu, mwenye magoti yale, nilikuwa nimemgeuza hewa kwa wino mweusi. Tena nikawa nimemtolea nakala ishirini na kitu, na zilizobaki zilinisubiri.

Nilizimaliza. Kazi ni kazi. Kisha nikapiga simu mara sita hadi nikampata amepanda kilima.

Alicheka kwanza. Kicheko chake hunipa matumaini, ndiyo maana huwa siamini kinapokwisha.

"Uliandika boma la kwanza?"

"Ndiyo."

"La kwanza kutoka wapi?"

"Kutoka... njiani."

"Sisi tulikuwa hapo siku ngapi, wewe mtu wa sekondari?"

Nilisikia upepo na kengele ya ngamia.

"Kikao cha maoni ni Kakuma, Alhamisi," akasema. "Ulikaa ukaandika. Sasa utasimama useme."

Jirani aliponiona natoa mfuko wa safari aliacha samaki wake akaja mpaka mlangoni. Hakuamini kuchungulia pekee. Nilipomweleza, akanifungia samaki wanne kwenye gazeti.

"Wa njiani?" nikauliza.

"Wa dada yako. Wewe ungetaka wa njiani, ungekuwa mtu wa njia."

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, Kakuma. Watu walijaa kuliko nilivyotazamia: wafugaji na vigoda vyao vya mbao, akina mama, walimu wa mjini waliovaa viatu vya kufunga. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa, na nyuma yake kamati. Mwenyekiti alikuwa mheshimiwa mmoja mama, mnene, mwenye sauti ya kuita mbuzi wa mlima wa pili. Karani alianza kusoma kwa Kiingereza. Mwenyekiti akamgusa mkono.

"Hiyo tumesikia. Sasa sema na watu."

Nilipoitwa nilikuwa na hotuba ya kurasa mbili. Nilikuwa nimeifanyia kazi siku tatu na ilianza na neno "kwa unyenyekevu". Nikafika kwenye hilo neno tu.

"Ejok, ndugu," akanisalimu mwenyekiti. "Hii kituo iko wadi gani?"

"Mheshimiwa, inategemea."

"Inategemea nini?"

"Mvua."

Ukumbi ukacheka. Mimi sikuwa nimetania. Lakini pale ndipo nilipouona mwamba wenyewe, ambao kosa langu lilikuwa limeufunika tu. Bunge letu limegawanywa kwa wadi, kila mheshimiwa na yake, na kila kitu cha kaunti lazima kiingie wadi fulani. Mifugo haina habari hiyo. Mvua ikinyesha wafugaji wale wako upande huu wa mlima, kiangazi wako upande ule, na mpaka wa wadi umepita katikati kama kamba ya nguo.

Mheshimiwa mmoja, mrefu, mwenye kofia ya manyoya ya mbuni, akasema hao si wake, wanapita tu. Wa pili, mfupi, akasema na yeye asibebeshwe.

"Kwangu wanakunywa maji tu. Wakishiba wanarudi kwa mheshimiwa mwenzangu."

"Wanarudi kwangu kufanya nini, ikiwa majani yako kwako?"

"Majani yangu yaliisha tangu lini?"

Nikasimama pale na kurasa zangu mbili, nikisikiliza shule ya dada yangu ikitupwa huku na huku kama mpira ambao hakuna anayetaka kufunga nao. Ndipo nikasikia goti likilia nyuma yangu. Dada alikuwa amesimama. Hakuomba nafasi. Alipita mbele, akanisogeza kwa mgongo wa mkono, akamtazama yule mwenye kofia.

"Mheshimiwa, wakati wa kura ulikuja kwetu?"

"Nilikuja, mama."

"Ulitupata?"

"Niliwapata."

"Tulikuwa tumehama. Ulitupataje?"

Akakuna shingo. "Niliuliza kisimani mbuzi wa nani wamekunywa."

"Na wewe?" Akamgeukia mfupi. "Wewe ulifika jua likiwa hapa utosini. Tulikaa na wewe, ukatuchinjia."

"Niliwachinjia mbuzi wawili," akasema mheshimiwa, kwa fahari kidogo, kabla hajaona anapelekwa wapi.

"Basi sisi si hewa," akasema dada. "Hewa haili mbuzi."

Nimeishi miaka mingi, na sijasikia ukumbi wa kanisa ukipiga kelele vile hata siku ya Pasaka. Wazee walipiga vigoda vyao sakafuni. Mheshimiwa mwenye kofia aliivua akajipepea nayo. Mwenyekiti alijaribu kuwanyamazisha lakini na yeye mabega yalikuwa yanatikisika. Kelele zilipotulia alimgeukia dada.

"Mwalimu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa meza ile kumwita hivyo. "Shule yako sasa hivi iko wapi?"

"Sijui," akajibu dada. "Nimetoka jana, na leo walikuwa wanahama. Lakini nitaipata."

Mheshimiwa mama aliuliza kama gari lina mafuta. Kisha akaamuru twende tukaione.

Tulikwenda na magari mawili. Mimi niliwekwa la mbele kama shahidi, heshima niliyojaribu kuikataa. Dereva, kwa kuwa fomu ndiyo karatasi aliyokuwa nayo, alifuata fomu. Akavuka laga, akashika kushoto, akatufikisha mahali pangu: ua wa miba, majivu, upepo. Mkaguzi aliyekuwa amepaandika, kijana mpole sana, akashuka akasimama palepale aliposimama siku ile.

"Hapa ndipo nilipofika," akasema. "Na picha nilipiga."

Akamwonyesha dada simu. Dada akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaisogeza tena.

"Hii nini, mwanangu?"

"Mawe."

"Umesimama juu ya shule yangu."

Akatuonyesha chini. Yale mawe machache, yaliyoandikwa kwenye ripoti na ambayo nami nilikuwa nimeyatolea nakala arobaini, yalikuwa yamepangwa. Yalikuwa herufi A, kubwa kama mkeka, na kichwa chake kimechongoka kuelekea kaskazini. Dada akaeleza kama mtu anayeeleza jinsi ya kufunga mlango. Boma likihama ghafla, wapo watoto walioko mbali na mbuzi. Wakirudi wanakuta hakuna mtu. Kwa hiyo watoto wanaotangulia huacha A, na kichwa cha A kinaonyesha njia. Ndiyo herufi ya kwanza anayowafundisha, na mtoto asiyeijua ataijua siku hiyo kwa njaa.

Mwenyekiti aliizunguka ile A polepole. Baadaye nilisikia kwamba na yeye alikulia nyuma ya mbuzi, na siku moja alirudi akakuta majivu. Hilo ndilo jambo ambalo sijui kama Kenya ingelijua. Huko kuna watu wema na wasomi, lakini A ya mawe wangeiona mawe.

Tukafuata kichwa. A ya pili ilikuwa kwenye ukingo wa laga, A ya tatu chini ya kilima, ndogo, imepangwa ovyo, ya mtoto aliyekuwa na haraka. Gari la nyuma likakwama mchangani na mheshimiwa mwenye kofia akasukuma, na manyoya ya mbuni yakapata kazi. Nami nilisukuma. Naandika haya ili jirani ajue, kwa sababu alipoulizia hakuamini.

Tulipofika, darasa lilikuwepo. Tuliliona kwa mbali: ubao umeegemezwa kwa mgunga, watoto wamekaa kwa mistari, msichana mkubwa ameshika fimbo akiwaongoza. Nikasikia moyo wangu ukitulia. Kisha watoto wakayaona magari, na magari ya kaunti huko huja kwa jambo moja tu, chanjo. Kufumba na kufumbua hapakuwa na hata mtoto mmoja. Tukashuka mbele ya ubao na punda.

"Hakuna watu, hakuna jengo," akanong'ona mkaguzi, na mimi nikamsikia, na nusura nimkumbatie.

Dada aligonga ubao kwa fimbo mara tatu. Hakuita. Kichaka kikaanza kutoa watoto, mmoja mmoja, kila mmoja ameficha mkono nyuma. Kitoto kimoja cha kike kikaja mpaka mbele ya mwenyekiti.

"Ni sindano?"

"Si sindano."

"Ni nini?"

"Ni bunge."

Kikafikiri. "Bunge inauma?"

"Wakati mwingine," akasema mwenyekiti, akaketi mchangani na kitenge chake kizuri, mstari wa mwisho, na somo likaendelea. Watoto walikuwa thelathini na wawili. Niliwahesabu, kisha nikawahesabu tena, maana nilikuwa nimeshajifunza kutojiamini.

Kanuni zilipitishwa Lodwar baada ya majuma kadhaa. Karani aliniletea nakala ya kwanza niitolee kopi, akasimama karibu kuniangalia usoni nikisoma. Kilikuwemo kifungu kipya: kituo kinachohama kitaandikishwa kwa jina la mwalimu na la jamii anayoifundisha, popote jamii hiyo itakapokuwa ndani ya kaunti. Hakuna laga, hakuna mkono wa kushoto. Nilikaa chini. Ndiyo, nilikuwa nimekaa tayari, lakini nilikaa zaidi.

Wale waheshimiwa wawili sasa kila mmoja anasema hao watoto ni wake. Mrefu ameahidi unga. Mfupi, ili asishindwe, ameahidi choo cha mawe chenye milango miwili. Dada alimshukuru kwa adabu zote, akamuuliza ni punda gani atakayekibeba.

Lakini kifungu kilikuwa na mkia. Mwalimu wa kituo kama hicho lazima awe na cheti cha chekechea, na asiye nacho atasomea, hapa Lodwar, kwa vipindi, hadi akipate. Na kituo kitakachokutwa hakifundishi kwa muhula mzima kitaondolewa kwenye orodha. Watunga kanuni walidhani atasoma wakati wa likizo. Darasa letu halina likizo, linafuata maziwa. Mvua ikinyesha watoto wote wako bomani na tumbo limeshiba, ndipo wanaposoma, na mwaka huu masomo ya dada yaliangukia hapohapo. Akisoma, darasa linafutwa. Akifundisha, cheti kinampita, na ajira nayo.

Alikuja kwangu na sanduku lake siku ya kuandikishwa, akala samaki wa jirani, akanyoosha miguu barazani, kwenye kiti changu. Hakuniomba. Alitazama ukutani, pale nilipotundika cheti changu cha kidato cha nne kwenye kioo, na vumbi lake.

"Kanuni imesema wa kunishikilia nafasi awe amemaliza sekondari," akasema.

"Wapo wengi waliomaliza sekondari."

"Wapo. Wanaokubali kulipwa maziwa ni wangapi?"

Nikamweleza kwa utaratibu. Kwamba mashine ya kopi haiwezi kuachwa. Akasema ameshanitazama siku nzima na kukifinya kile kidude cha kijani anaweza. Kwamba sijalala nje tangu utoto. Akasema nyota ni zilezile. Kwamba watoto hawanijui. Akasema wananijua sana, mimi ndiye mjomba aliyewapoteza, wananiimbia wimbo. Kwamba miguu yangu haijazoea. Hapo alikunja gauni kidogo akaniacha niyaone magoti yake.

Nikaenda kwenye ua, pale palipotoboka, kutafuta mtu wa kunitetea. Jirani alikuwa hapohapo, bila shaka tangu mwanzo, na samaki mkononi. Nikamwambia, "Jirani, na wewe sema kitu. Nitawezaje mimi? Hao watoto watanichoka kwa siku mbili."

Akanitazama toka kichwani hadi kwenye ndara.

"Nenda," akasema. "Wale wakikuchoka, watahama. Sisi huku tumekuchoka, na hatuna pa kuhamia."